Mamba Aliyemla Bwalya

Élisabethville, 4 Mei 1952

Kwa mtani wangu Mwansa, mwana wa ukoo wa Samaki, mtu anayeuza ndugu zake kwa gunia,

Yambo. Barua hii anakuletea Jeannot, dereva wa lori la samaki. Kama imelowa usinilaumu mimi, walaumu wajomba zako waliopakiwa pamoja nayo.

Hapa hatujambo. Claudine wangu anakusalimu na anauliza kama bado unakoroma. Mimi niko kama ulivyoniacha: tumbo linatangulia, magoti yanafuata yakilalamika. Kazi ni ileile, kupangusa vumbi puani mwa simba. Majirani hapa Kamalondo wananiita bwana wa musée, nami siwakatalii, ingawa wewe umeona kwa macho yako kwamba katika ile nyumba ya wanyama waliokaushwa cheo changu kiko chini ya nyani. Nyani ana kibao chenye jina lake.

Tangu uliponitembelea mwaka jana sijacheka vizuri. Naikumbuka ile Jumapili baada ya misa. Ulipofika mbele ya chui ulivua kofia, ukamwambia, "Yambo, Bwana," kisha ukageuka kuangalia kama kuna aliyekuona. Mimi nilikuona. Claudine alikuona. Masista waliokuja na watoto wa shule walikuona, na mmoja alilazimika kujifanya anakohoa. Nikakupeleka chumba cha chupa, ukawakuta samaki wa Luapula wamekaa ndani ya pombe kali macho yamewatoka, nikakuambia hao ndio watu pekee wa ukoo wako waliokuja mjini na kupewa nyumba. Ulicheka mpaka Monsieur wangu, Mzungu mkubwa wa musée, akachungulia mlangoni. Ilikuwa siku nzuri. Nikiwa peke yangu na kitambaa changu mkononi, naikumbuka na kucheka, na wanyama hawanisemi.

Sasa habari yenyewe. Amefika. Yule mamba ambaye Mzungu mwindaji alimpiga risasi karibu na kwenu mwezi wa tatu, yule mnayesema ndiye aliyemla mkeo Bwalya miaka mitano iliyopita, ngozi yake ililetwa imejaa chumvi. Tumeijaza majani makavu, tumeishona, na sasa amelala chumba cha kwanza mdomo wazi. Kila anayeingia anaanza kwake. Kwa kuwa mimi ni wa ukoo wa Mamba na huyo ni babu yangu, nimempangusa meno kwa heshima.

Uliniomba niulize kama tumboni mwake kulikutwa kitu cha marehemu, bangili au kifungo, chochote cha kuzika. Nimemuuliza Monsieur. Anasema mwindaji alimpasua hukohuko mtoni na hakukuta kitu ila mawe na pembe ya mbuzi. Babu anakana. Anasema Bwalya hamjui, na kwamba tangu ujana wake hajawahi kula wake za watu wa Samaki kwa sababu wananuka moshi.

Usinikasirikie, unajua ndiyo kazi yangu. Watu wa Mamba na watu wa Samaki wanataniana tangu kabla ya babu zetu. Kwenye kilio chako mimi ndiye wa kumsema vibaya marehemu mpaka wafiwa wacheke, na mimi ndiye wa kumzika. Mwaka ule kucheka tulicheka, lakini maiti haikuwapo, basi kazi yangu imebaki nusu. Ukipanga kumaliza kilio, niite.

Mimi mwenye meno machache kuliko babu yake,
Rigobert


Kasenga, 19 Mei 1952

Kwa Rigobert, mjukuu wa meno, mlinzi wa wanyama ambao hawawezi tena kukimbia,

Barua yako imefika na harufu ya wajomba zangu, na harufu hiyo ni bora kuliko yako.

Mwambie babu yako asikane. Mimi mwenyewe nilikuwa pale mtoni alfajiri ile. Niliyaona maji yakichafuka, nikapiga kelele, watu wakaja wakakuta ndoo yake na viatu vyake vimekaa kwenye mchanga. Kijiji kizima ni shahidi. Padri naye amekubali. Kilio tutakimaliza mwezi wa nane, halafu nitafunga ndoa kanisani na Agnès, binti ya katekista. Ana meno mazuri, usije ukamwonea wivu.

Ila watu wa kwao Bwalya wanasema kilio hakiwezi kufungwa kwa maneno matupu, lazima kitu kiingie ardhini. Basi ng'oa jino moja la huyo babu yako unitumie. Jino lililomla si ni kama yeye? Tutalifunga kwenye sanda, wewe utakuja utalizika, na utamsema Bwalya kama desturi inavyotaka. Unayo ya kusema. Unakumbuka bukari yake, ule ugali, ilivyokuwa na mabonge? Tulivyokuwa tunahesabu mabonge kwa sauti, wewe na mimi, naye amesimama na sahani mkononi? Nafikiri babu yako aliumwa tumbo wiki nzima.

Binti yangu Virginie anaendelea vizuri. Anakaribia miaka tisa, Masista wanasema ndiye wa kwanza darasani kwa kusoma. Kasoro yake ni moja: mto anaukwepa, na hawezi kulala bila taa. Aliniuliza kama mama yake aliumia sana. Nikamwambia yule mamba, babu wa Tata Rigobert, anakula upesi, hatafuni. Nikampa habari kwamba huyo mnyama amekamatwa na yuko mjini kwenye nyumba kubwa. Sasa anauliza kila siku kama amefungwa vizuri.

Usisahau jino.

Mwansa


Élisabethville, 8 Juni 1952

Kwa ndugu yangu Mwansa,

Utaona leo sikukuita jina baya. Vumilia, nitakuambia kwa nini.

Jumapili iliyopita chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa watu waliotoka misa. Mbele ya mamba alisimama mwanamke peke yake, amefunga kitambaa cha manjano kichwani, anacheka. Hakucheka kwa adabu kama watu wanavyocheka hapa. Alicheka ameshika ubavu, machozi yanamtoka. Nikamsogelea kumwambia kwamba kugusa ni marufuku, hilo ndilo neno langu kubwa hapa kazini. Akageuka.

"Tata Rigobert," akasema. "Umenenepa."

Nilikaa chini. Nilikaa juu ya mguu wa tembo, ambao nao ni marufuku.

"Bwalya," nikasema. "Weye ulikufa."

"Nimesikia leo. Banasema ni huyu alinikula?" Akamtazama mamba toka mdomo mpaka mkia. "Iko mukubwa. Aksanti yao. Nilipokuwa kule, hakuna mutu alifikiri miye nastahili kitu kikubwa hivi."

Mwansa, ni yeye. Alama ya moto iko kwenye kiganja chake, na kucheka kwake ni kulekule. Anakaa hapahapa Kamalondo na karani wa reli, mtu wa Kasai anayeitwa Zéphirin. Alfajiri ile aliacha ndoo na viatu kwenye mchanga kwa sababu aliogopa vitapiga kelele, akapanda lori katikati ya magunia ya samaki.

Nikamuuliza, "Mwansa alikupiga?"

"Hapana. Alinicheka. Kila siku, mbele ya bantu. Nilizika batoto babili, hata pale alinicheka. Na weye ulikuwa unakuja, unakula bukari yangu, unacheka pamoja naye."

Nikamwambia huo ni utani, mimi na wewe tumezaliwa nao.

"Miye siko mutani yenu," akasema. "Miye nilikuwa bibi ya mutu."

Niliinuka kwenye mguu wa tembo, nikaanza kuupangusa. Hutaamini, lakini sikumtania.

Anasema ametuma maneno kwa madereva mara nyingi kumwomba mtoto, na jibu halikuja. Hilo la mamba hakulijua mpaka alipoingia hapa na kusikia watu wa Kasenga wakisema huyu ndiye aliyemla Bwalya. Hataki kurudi kwako, hakudai kitu. Anamtaka Virginie ajue kwamba mama yake yuko.

Sasa nisikilize. Najua mimi ni mtu wa maneno mengi na karibu yote ni upuuzi. Lakini hapa utani nimeuweka chini kama mtu anavyoweka mzigo. Mkeo yu hai. Usiende kwa Padri. Usizike kitu.

Ndugu yako,
Rigobert


Kasenga, 21 Juni 1952

Kwa Rigobert, mwongo mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka kwenye yai la mamba,

Nimezoea maneno yako, lakini hii imepita zote. Niliisoma kwa sauti Jumamosi, watu walipokutana kwangu kupanga pombe ya kumaliza kilio. Ulipokaa juu ya mguu wa tembo, katekista alitoka nje kupumua. Na yule karani wa Kasai, ulimtoa wapi? Watu wanasema tangu zamani hawajasikia mtani anayelia msiba kama wewe. Marehemu kumtoa kaburini na kumpa bwana mpya, tena mwenye mshahara. Agnès anaomba uandike nyingine.

Hata mama mkwe, mama yake Bwalya, alicheka, mwanzoni. Jioni akarudi mwenyewe na fimbo yake, akaniuliza kama kitambaa kilikuwa cha manjano kweli, maana Bwalya alipenda manjano. Nikamwambia, mama, watani wanajua kazi yao, wanatafuta mahali panapouma ndipo wanatekenya. Akaenda zake.

Virginie naye alikuwapo. Alicheka kwa kuwa wote walicheka.

Jino, Rigobert. Maneno mazuri lakini jino sijaliona.

Mwansa


Élisabethville, 6 Julai 1952

Mwansa,

Umenishinda. Maisha yangu yote nimewachekesha watu kwa mambo ya uongo, na siku niliyosema kweli nimewachekesha zaidi. Claudine anasema ni malipo yangu. Amekataa kucheka.

Nilimwambia Bwalya kwamba huniamini. Akanipa neno la kukupelekea, ambalo anasema hakuna mtani awezaye kulitunga. Usiku mliomzika mtoto wa pili, mlipobaki peke yenu, ulilia ukiwa umeweka uso wako mgongoni mwake mpaka nguo yake ikalowa. Asubuhi watu walipokuja ulianza kumcheka kwa sauti kubwa, ili wasikutazame macho. Anasema usiku ule alikupenda, na asubuhi ile ndipo alipoanza kuondoka, ingawa miguu ilichelewa.

Hilo mimi silijui. Basi amini.

Claudine anataka nimwandikie Padri. Lakini unanijua, Mwansa, mimi ni mtu wa kupangusa, si mtu wa kusukuma. Nikimwandikia Padri, wewe utaaibika mbele ya kijiji, Agnès ataaibika, na sisi wawili tutakuwa watu wa kusalimiana kwa kofia. Sitaki. Nikakaa nikafikiri, na nadhani nimepata njia ambayo kila mtu atapata kipande chake.

Mlete Virginie hapa musée. Hakuna atakayeshangaa, watoto wanaletwa kila wiki. Mama yake atasimama pale kati ya watu kama mgeni yeyote. Hatasema kitu. Atamwona mtoto, mtoto atamwona, basi. Wewe baki na mamba wako na ndoa yako. Nilipomweleza, alinitazama muda mrefu kama anayetafuta mlango ukutani.

"Nitanyamaza," akasema. "Lakini anione. Hata kama hajui ni nani, anione."

Ameanza kununua biskuti, eti hajui mtoto anapenda za aina gani. Zéphirin anakula zile zinazokaa sana.

Jino ni hili ndani ya kitambaa. Babu anayo mengi, nimelitoa upande wa ukutani ambako Monsieur haangalii. Uone ninavyokupenda.

Rigobert


Kasenga, 20 Julai 1952

Rigobert,

Jino limefika. Tutalizika tarehe mbili Agosti. Usije, nimepata mtu mwingine wa ukoo wako wa kulizika, Désiré, ambaye haandiki barua.

Kuamini niliamini tangu barua yako ya mwezi wa sita. Nilijua kabla yako. Nilitoka kumtafuta alfajiri ile, nikaliona lori likipanda barabara, na kitambaa chake cha manjano juu ya magunia. Niliteremka mtoni, nikachafua maji kwa kasia, nikapiga kelele. Maneno aliyotuma kwa madereva yalinifikia yote.

Ungefanya nini wewe? Mtu wa Samaki ameachwa kwa ajili ya karani: watu wako wa Mamba wangenicheka kila kilio na kila harusi, mpaka wajukuu zangu. Wewe ungekuwa wa kwanza, na ungefanya vizuri kuliko wote. Nilichagua wanipe pole.

Nitamleta mtoto Jumapili, tarehe kumi na saba Agosti, baada ya misa. Mwambie huyo mama kwamba wafu hawasemi. Akifungua mdomo, akimwita mtoto kwa jina, Virginie atavuka Luapula wiki hiyohiyo kwenda kwa dada yangu upande wa Waingereza, na huko hakuna lori lako wala musée yako.

Na hii usimsomee Claudine.

Mwansa


Kasenga, 31 Agosti 1952

Kwa Tata Rigobert,

Yambo, Tata. Mimi ni Virginie, binti ya Mwansa. Sista amesema mtu akitembezwa lazima aandike kushukuru, na baba amesema nikuandikie wewe. Baba amekaa hapa karibu anasoma ninavyoandika.

Nashukuru sana kwa kunionyesha musée. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Nilipenda vipepeo ingawa wamechomwa sindano. Nilipenda chui, na baba alimvulia kofia tena. Nilipenda samaki walio ndani ya chupa, na wewe uliponiambia ni wajomba zangu wamelewa nilicheka sana. Lakini siku ile wewe hukucheka, nikafikiri labda meno yanakuuma.

Nilipenda zaidi mamba. Kwanza niliogopa. Baba akaninyanyua juu akaniambia, "Angalia, ni majani tu. Sema kwaheri kwa mama yako." Nikaweka mkono wangu ndani ya mdomo, na wewe ukaangalia dirishani, aksanti. Nikasema kwaheri mama. Ndani mlikuwa na vumbi.

Karibu na mkia alikuwa amesimama mama mmoja wa kitambaa cha manjano. Baba akamwambia, "Mama, songa kidogo, mutoto anaaga mama yake." Akasonga. Watu walisikia, wakaanza kunipa pole. Mzee mmoja alinipa bonbon, pipi ya mjini. Sista wa mjini alinibariki kwenye paji la uso. Yule mama peke yake hakunipa pole. Baba akamuuliza mbele ya watu, "Mama, weye hautoi pole kwa mutoto mwenye kufiwa?" Akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na biskuti mkononi zikavunjika zote zikamwagika, na wewe ukaleta ufagio.

Nilimwonea huruma kwa sababu nilijua anaogopa mamba kama mimi zamani. Nikamwambia, "Mama, usiogope, alikwisha kufa." Akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa na harufu ya sabuni na ulikuwa baridi. Baba akasema twende, lori linangoja.

Njiani baba alicheka mpaka Jeannot akamwambia anyamaze. Anasema watu wa mjini hawana adabu, hawajui kutoa pole. Mimi sijui. Tata, ukimwona yule mama mwambie mimi sasa siogopi tena. Nalala bila taa tangu siku ile, kwa sababu nimemwona yule mnyama na nimejua mama yangu hayumo, amekwisha kwenda mbinguni. Mama Agnès anasema nimekuwa msichana mkubwa. Namwita mama, na yeye anapenda.

Nikikua nitafanya kazi musée kama wewe.

Virginie


Élisabethville, 14 Septemba 1952

Kwa Virginie, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu,

Yambo, mutoto wangu. Barua yako imefika kavu kabisa, jambo ambalo halijapata kutokea kwenye lori lile, basi nimejua wewe ni mtu wa maana.

Meno kweli yaliniuma siku ile. Sasa yamepoa, ila nimegundua kwamba mzee akikaa muda mrefu bila kucheka uso unasahau njia. Claudine wangu naye ana shida ya koo, tangu mwezi uliopita hasemi na mimi. Hivyo nyumbani kwetu kumetulia kama kazini.

Kazi ya musée nitakuwekea. Haina shida. Unapangusa, unaangalia dirishani.

Baba yako najua anaisoma hii kabla yako. Mwansa, nimeandika kama ulivyotaka, hutakuta humu neno la ziada.

Yule mama wa kitambaa cha manjano bado anakuja Jumapili. Anasimama palepale karibu na mkia mpaka tunapofunga. Nimemsomea barua yako yote, kwa sababu ulimtumia salamu, na pia kwa sababu alinishika mkono wa koti hakuniachia. Mahali ulipoandika kwamba unalala bila taa aliniambia nirudie. Nikarudia. Mahali pa Mama Agnès hakuniambia nirudie.

Baba yako amekosea kitu kimoja: yule mama ana adabu. Siku ile neno lilimkwama tu, biskuti ni kavu. Amekaa nalo tangu hapo, na leo amelitoa. Ameniagiza niliandike kama alivyolisema, nisitie mzaha wangu ndani.

Amesema: "Pole, Virginie, kwa kufiwa na mama yako. Ulale muzuri."

Tata Rigobert